Booker T. Washington alihubiri subira hadharani na kulipa mawakili kwa siri: tumweleweje?

Mdadisi wa Ukerewe (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Nimerudia kusoma kitabu cha Booker T. Washington, Up from Slavery, kilichotoka mwaka 1901, na nimebaki na swali ambalo mwenyewe hakulijibu. Humo anasimulia jinsi alivyozaliwa mtumwa katika shamba la James Burroughs huko Hale's Ford, Virginia, mama yake akiwa mpishi na baba yake akiwa mzungu asiyemfahamu. Jinsi uhuru wa 1865 ulivyowapeleka Malden, West Virginia, ambako alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi na katika machimbo ya makaa ya mawe kabla ya kufunga safari ya kwenda Hampton, shule ya weusi huko Virginia, mwaka 1872. Na jinsi alivyokabidhiwa, mwaka 1881, shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama, ambayo wakati huo ilikuwa na ahadi ya dola 2,000 kwa mwaka kutoka serikali ya jimbo, lakini haikuwa na ardhi wala jengo. Anasimulia pia hotuba yake ya Atlanta ya tarehe 18 Septemba 1895, alipowataka weusi wa Kusini wajijenge kwanza kwa kilimo, ufundi na biashara, akawatuliza weupe kwa kusema kwamba katika mambo ya kijamii pande hizo mbili zinaweza kutengana kama vidole na bado zikawa mkono mmoja katika maendeleo.

Sasa tatizo langu. Nyaraka zake, ambazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani na ambazo mwanahistoria Louis Harlan na wenzake walizihariri katika majuzuu 14, zinaonyesha kwamba mtu huyohuyo alikuwa akitoa fedha kwa siri kugharimia kesi za kupinga kunyimwa kura kwa watu weusi. Kesi ya Jackson Giles dhidi ya waandikishaji wa wapiga kura wa Montgomery, iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 1903, ilikuwa mojawapo, na katibu wake Emmett Scott aliwasiliana na wakili Wilford Smith kwa majina ya bandia. Kesi zenyewe ziliishia kushindwa. Kwa nini mtu agharimie mapambano asiyotaka yahusishwe na jina lake, tena mapambano ambayo hadharani alionekana kusema kwamba wakati wake haujafika?

Mkereketwa

Jibu liko mbele ya macho yetu, ila tunaliogopa kwa sababu ya heshima ya jina. Washington alitaka kupendwa na matajiri wa Kaskazini, kuvumiliwa na weupe wa Kusini na kutegemewa na weusi, yote kwa wakati mmoja, na mshika mbili moja humponyoka. Mleta uzi afungue tena pale anapozungumzia Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe lililowatisha na kuwaua weusi. Anaandika kwamba makundi ya namna hiyo hayapo tena Kusini na kwamba jamii zote mbili zimekaribia kusahau kuwa yaliwahi kuwapo. Hayo yanaandikwa katika miaka ambayo watu weusi walikuwa wakiuawa hadharani na makundi ya weupe, na mwandishi akiishi Alabama kwenyewe. Mwaka huohuo wa 1901 Alabama ilipitisha katiba mpya iliyowaondoa weusi karibu wote kwenye daftari la wapiga kura. Mtu anayeandika hivyo hafichi ushujaa. Ana dhamiri inayomsuta, na fedha za mawakili zilikuwa dawa ya kuituliza.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mkereketwa, una haraka ya kuhukumu. Kabla ya kuzungumzia dhamiri, tuzungumzie mlango wa nyumba yake.

Mwezi Juni 1895, miezi mitatu kabla ya Atlanta, wakili mweusi wa mji wa Tuskegee aitwaye Thomas Harris alifukuzwa na kundi la weupe, akapigwa risasi mguuni, kisha akafikishwa usiku kwa Washington kuomba hifadhi. Washington alimkatalia. Weupe wa mji wakamsifu kwa busara yake, na weusi wa miji ya mbali waliposikia wakamlaani. Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba alipanga kwa siri Harris apelekwe mahali salama na atibiwe na daktari, naye mwenyewe akazimeza lawama bila kujitetea hadharani. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na mabweni ya wavulana na wasichana, walimu na familia zao, wote wakiishi katikati ya wilaya ambayo sheria haikuwa na uwezo, wala nia, ya kuwalinda.

Mwaka 1899, Sam Hose alipouawa kwa mateso mbele ya umati huko Georgia, waandishi wa habari walimfuata Washington, naye akawaambia waziwazi kwamba angependa kusema mengi, lakini kwa nafasi yake na kwa ajili ya Tuskegee analazimika kunyamaza. Hakujifanya kwamba hana la kusema. Kwangu mimi, mtu aliyejenga kitu kinachoweza kuchomwa moto kwa usiku mmoja ana hesabu tofauti na mwandishi wa gazeti anayeishi Boston, na siri yake inaanzia hapo. Niliwahi kuongoza shule katika miaka ambayo mkubwa mmoja wa eneo alikuwa na uwezo wa kuifunga kwa simu moja, na ninayajua maneno niliyoyameza.

BintiSaadani

Shikamoo Mwalimu. Nitamsahihisha mleta uzi kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linabadilisha mjadala: si kweli kwamba kesi zote zilishindwa.

Ya Giles ilishindwa, na ilishindwa vibaya. Jaji Oliver Wendell Holmes alisema kwamba ikiwa mfumo mzima wa uandikishaji ni hila, kama mlalamikaji anavyodai, basi mahakama haiwezi kuurekebisha kwa kumwongeza mtu mmoja kwenye orodha ya hila hiyohiyo. Na kwamba ikiwa weupe wa jimbo wameazimia kuwazuia weusi kupiga kura, jina kwenye karatasi halitasaidia, hivyo waende wakadai kwa vyombo vya siasa. Yaani mtu aliyenyimwa kura aambiwe akatafute haki yake kwa kura. Lakini mwaka uliofuata, katika kesi ya Dan Rogers dhidi ya Alabama, wakili yuleyule Wilford Smith alishinda katika suala la kuwatenga weusi kwenye juri.

Halafu ipo ya Alonzo Bailey, ambayo ningependa kila mmoja hapa aisome. Bailey alichukua dola 15 za awali kwa mkataba wa kufanya kazi ya shamba mwaka mzima kwa dola 12 kwa mwezi, kisha akaacha kazi baada ya mwezi mmoja na siku chache. Sheria ya Alabama ilihesabu kitendo cha kuondoka bila kurudisha fedha kuwa ushahidi wa kutosha kwamba tangu mwanzo alikusudia kudanganya, na kanuni za ushahidi za jimbo hazikumruhusu mshtakiwa kusimama na kueleza nia yake mwenyewe. Adhabu ilikuwa faini, na asiye na faini alifanya kazi ngumu. Kwa njia hiyo deni dogo liliweza kumrudisha mtu katika hali ya utumwa ambayo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilidaiwa kuimaliza. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo, na Washington alikuwa nyuma ya pazia muda wote, akitafuta fedha na kuwashawishi weupe wenye majina waiunge mkono.

Kwa hiyo maelezo yangu ni ya kisheria. Kesi inayoletwa na kibarua asiyejulikana inasikilizwa kama kesi. Kesi inayoletwa na mweusi mashuhuri kuliko wote nchini inasikilizwa kama uasi. Kuficha jina ilikuwa mbinu, na mwaka 1911 mbinu hiyo ilizaa.

FundiTanuri

Salaam kwa wote. Mimi kazi yangu ni kufyatua na kuchoma matofali, kwa hiyo mambo ya mahakama ninayaacha kwa wenyewe na kwenda kwenye sura ambayo naona mnaipita haraka.

Anaeleza kwamba walihitaji majengo, mji haukuwa na mtu anayetengeneza matofali, wakaamua kuyachoma wenyewe bila uzoefu wowote. Tanuri la kwanza, lenye matofali yapata 25,000, halikuiva. La pili likashindikana pia. La tatu lilipangwa na walimu waliofunzwa Hampton, likawaka vizuri karibu wiki nzima, kisha likaporomoka usiku wa manane likiwa limebakiza saa chache. Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wengi wakamshauri aache. Akaenda Montgomery, akaweka rehani saa yake kwa dola 15, akarudi na kuwasha tanuri la nne, nalo likafaulu. Saa hakuikomboa.

Aliyewahi kukesha na tanuri anajua nini huwa kinatokea. Matofali yakipangwa kabla hayajakauka hadi ndani, maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kuyapasua. Yakibanwa mno, moto hauna njia ya kupanda, basi ya chini yanayeyuka na kushikana huku ya juu yakibaki na rangi ya udongo. Midomo ya tanuri ikilishwa kuni upande mmoja kuliko mwingine, upande huo hutangulia kunywea, lundo zima linaegemea, na kutoka kuegemea hadi kuanguka ni suala la saa chache. Ndiyo maana siku ya kwanza unachoma kwa moto mdogo ili tu kufukuza maji, moshi ukiwa mweupe na mzito, na magogo makubwa hayaingii mpaka moshi huo umekatika.

Sasa maoni yangu. Mtu aliyeshindwa mara tatu mbele ya wanafunzi na majirani zake alijifunza kwamba kazi haitangazwi kabla haijaiva. Wanaosema aliogopa na wanaosema alikuwa mjanja wote wanasahau kwamba alikuwa mtu wa kazi kabla ya kuwa mtu wa hotuba.

Mkereketwa

Fundi, umeeleza tanuri vizuri kuliko kitabu chenyewe, lakini matofali hayapigi kura.

FundiTanuri

Na kura peke yake haijengi bweni, ndugu yangu. Washington anasema weupe wa jirani ambao hawakuipenda shule walikuja kununua matofali kwa sababu yalikuwa mazuri, wakajikuta wanafanya biashara na watu waliowadharau. Wakati anaandika, wanafunzi walikuwa wakitengeneza matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja.

Mkereketwa

Walinunua matofali mchana, na mwaka 1901 wakapitisha katiba. Mteja si lazima awe rafiki.

Msomaji wa Nyaraka

Ninaona wachangiaji wanazungumzia siri kana kwamba ilikuwa na mwelekeo mmoja tu, yaani dhidi ya wabaguzi. Naomba tutazame upande wa pili wa nyaraka zilezile.

Washington alitumia wapelelezi dhidi ya weusi wenzake. Mtu aitwaye Melvin Chisum alitumwa kujipenyeza katika kundi la William Monroe Trotter wa Boston, mhariri ambaye wafuasi wake walivuruga mkutano wa Washington mwezi Julai 1903. Alikuwa na hisa katika gazeti la New York Age bila wasomaji kujua, na magazeti mengine ya weusi yalipata fedha au matangazo kwa kadiri yalivyomsifu. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi aliyekuwa mpinzani wake mkuu, na wenzake walipoanzisha Vuguvugu la Niagara la kudai haki za weusi mwaka 1905, watu wa Washington walihangaika kuhakikisha magazeti hayaandiki habari zake. Baada ya chakula cha jioni na Rais Theodore Roosevelt Ikulu mwezi Oktoba 1901, chakula kilichowatia wazimu magazeti ya Kusini, hakuna mweusi aliyeteuliwa katika kazi ya serikali kuu bila jina lake kupitia kwanza mezani kwa Washington, au karibu na hivyo.

Ndiyo maana maelezo ya Mwalimu yananitosheleza nusu tu. Kama siri ilikuwa ngao ya shule, mbona ilitumika kuwazima watu ambao hawakuwa tishio kwa shule, bali kwa ukubwa wake? Mimi naamini siri ilikuwa tabia yake ya kutawala: alitaka kila uzi upite mkononi mwake, wa kesi na wa magazeti, na asiwepo mwingine wa kudai ushindi.

Kijana wa Pangani

Naongezea kwamba Du Bois alimtambua mapema, akampinga tangu hotuba ya Atlanta. Msomi wa Harvard asingedanganywa na maneno ya vidole na mkono.

Msomaji wa Nyaraka

Hapana, mdogo wangu. Mwaka 1895 Du Bois alimpelekea Washington salamu za pongezi kwa hotuba ileile. Kabla ya hapo, mwaka 1894, Washington alimpa nafasi ya kufundisha hisabati Tuskegee, ila Du Bois alikuwa ameshakubali kazi katika chuo cha Wilberforce, na mazungumzo ya kumwajiri yalirudiwa miaka ya baadaye. Mpasuko wa wazi ulikuja mwaka 1903 na ile insha ya kumkosoa Washington ndani ya kitabu cha Du Bois, The Souls of Black Folk. Hata humo anaanza kwa kutambua mafanikio ya mwenzake, ndipo anaposhtaki kwamba Washington anawataka weusi waachilie, angalau kwa sasa, mambo matatu: nguvu ya kisiasa, haki za kiraia na elimu ya juu kwa vijana. Na anatoa hoja ya kuumiza: Tuskegee yenyewe isingebaki wazi hata siku moja bila walimu waliosoma katika vyuo vya juu vya weusi, au waliofundishwa na wahitimu wa vyuo hivyo.

Mama Tausi

Salaam kutoka Georgia. Hilo la walimu nimeliona kwa macho.

Nimefika Tuskegee na wanangu, kwa kuwa si mbali na tunapoishi. Nyumba ya Washington, The Oaks, ipo pale pale, ya matofali, na ndani ya chuo ipo ile sanamu ya mwaka 1922 inayomwonyesha amesimama akimfunua shela mtu aliyechutama juu ya fuawe na plau. Kilichonigusa zaidi ni jina la aliyeyasanifu majengo mengi ya pale, Robert Robinson Taylor, ambaye mwaka 1892 alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha MIT. Mkuu wa idara ya kilimo alikuwa George Washington Carver, aliyekuja mwaka 1896 na shahada ya uzamili mkononi. Washington alipotaka nyumba isimame na ardhi izae, alikwenda kuwatafuta wasomi. Na binti yake Portia alipotaka kusoma, alipelekwa kusomea piano Berlin.

Sisemi hivyo kumsuta. Ninachosema ni kwamba nyuma ya mafunzo ya useremala na kufua nguo kulikuwa na imani kubwa ya elimu ya juu ambayo hakuitangaza kwa wafadhili, na ninaona hiyo ni siri ya aina moja na ya mawakili. Aliwauzia matajiri kile walichotaka kununua.

Mwalimu Mstaafu

Mama Tausi amenikumbusha suala la kitabu chenyewe, ambalo hatukupaswa kuliacha hadi sasa. Up from Slavery si kitabu chake cha kwanza cha maisha yake. Mwaka 1900 alikuwa ametoa The Story of My Life and Work, kilichoandikwa kwa msaada wa Edgar Webber, kikauzwa kwa kupitishwa mlango kwa mlango na kuwalenga zaidi wasomaji weusi. Kilikuwa na makosa mengi, naye hakuridhika nacho. Cha pili alikiandika kwa uangalifu mkubwa, akisaidiwa na Max Bennett Thrasher, na kilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Outlook, lililosomwa na weupe wa tabaka la kati wa Kaskazini. Baada ya kukisoma, George Eastman, mwenye kamera za Kodak, alianza kutuma fedha. Mwaka 1903 Andrew Carnegie alitoa hati fungani za dola 600,000.

Kwa hiyo Mkereketwa anaponukuu maneno juu ya Ku Klux Klan ananukuu barua ya kuomba mchango yenye kurasa nyingi. Ile hadithi ya kufagia darasa Hampton mara tatu na kulifuta vumbi mara nne mbele ya Mary Mackie, ambayo ilikuwa ndiyo mtihani wake wa kuingia shule, ni ya kweli kwa kadiri tunavyojua, lakini imewekwa pale ilipo kwa sababu ilimfurahisha msomaji mwenye hundi.

Mkereketwa

Shikamoo Mwalimu. Umenisaidia kuliko nilivyotarajia: sasa sote tunakubaliana kwamba alijua anachoandika si kweli.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hatukubaliani hata kidogo, lakini endelea.

Nyanda za Juu

Naomba niulize kuhusu kwetu, kwa sababu mambo haya yalitufikia. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, na ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, ikichukua jina la mfuko ulioanzishwa na Anna Jeanes wa Philadelphia mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za weusi wa Kusini, mfuko ambao Washington mwenyewe alihusika kuuanzisha. Yaani serikali ya kikoloni ilimpenda Washington wa hadharani, yule wa jembe na randa. Yule wa mawakili haikumjua, na kama ingemjua nadhani isingefungua shule ile.

Nilisoma shule moja ya bweni ambako shamba lilikuwa adhabu: mchelewaji analima, aliyefeli analima, na mwalimu wa zamu anakaa kivulini na fimbo. Hadi leo nikisikia elimu ya kazi za mikono mgongo unaniuma. Je, Tuskegee ilikuwa hivyo?

BintiSaadani

Haikuwa hivyo kwa mpango wake, ingawa wapo wanafunzi walionung'unika, na wazazi waliotuma ujumbe kwamba watoto wao wamekuja kusoma vitabu na si kulima. Asiye na karo aliweza kufanya kazi mchana kutwa, ujira wake ukawekwa kama akiba ya ada, na akasoma usiku. Tofauti na shamba lako la adhabu ni kwamba jengo walilolijenga waliishi ndani yake.

Kijana wa Pangani

Basi Mwalimu Nyerere alichukua huko huko alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967.

Msomaji wa Nyaraka

Kufanana kwa jembe kusitudanganye. Nyerere alitaka shule imwandae kijana kwa kijiji cha ujamaa chenye usawa, na aliikosoa elimu ya kikoloni kwa sababu ya kujenga ubinafsi. Washington alitaka kijana atoke akiwa na shamba lake, duka lake na akaunti yake benki. Ndiyo sababu mwaka 1900 alianzisha Ligi ya Kitaifa ya Biashara ya Weusi. Mbiyu Koinange, ambaye alikwenda kusoma Hampton mwaka 1927, alirudi na badala ya kuridhika na Kabete akawa kiongozi wa chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, chuo ambacho Waafrika walikigharimia wenyewe. Watu walichukua walichohitaji na kuacha mengine.

Mdadisi wa Ukerewe (mleta uzi)

Ninawashukuru wote. Hadi hapa tuna dhamiri, ngao ya shule, mbinu ya kisheria, desturi ya fundi, kiu ya kutawala na bei ya wafadhili, na kila moja ina ushahidi wake. Naomba niulize moja zaidi: je, alibadilika mwishoni? Tarehe 4 Desemba 1915, wiki tatu baada ya kifo chake cha Novemba 14, jarida la New Republic lilichapisha makala yake juu ya sheria za kuwatenga weusi katika makazi ya mijini, na humo anazipinga wazi, kwa jina lake, akisema si za haki na zinazaa dhuluma nyingine. Kama aliweza kuandika hivyo, siri ya miaka yote ilikuwa ya nini?

Mwalimu Mstaafu

Hakubadilika, bali hali ilibadilika. Miaka mitatu kabla ya hapo, Novemba 1912, alikuwa ameshaandika katika jarida la Century makala ya kuuliza kama mweusi anapata nafasi ya haki, akataja kwa jina lake mabehewa mabovu ya reli, shule zisizopewa fedha na mauaji ya makundi. Na ndani ya Tuskegee, Monroe Work alikuwa tangu 1908 akikusanya kumbukumbu, zikiwemo za mauaji hayo, ambazo chuo kilizitoa kwa magazeti. Kufikia wakati huo shule ilikuwa na majengo zaidi ya 100 na mfuko wake wa akiba; haikuwa tena ile ya kuanguka kwa uvumi wa usiku mmoja.

Mkereketwa

Tazameni pia tarehe kwa upande mwingine, Mwalimu. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, ilianzishwa mwaka 1909, na Roosevelt alikuwa ameondoka Ikulu mwaka huohuo. Novemba 1912 ndio mwezi aliochaguliwa Woodrow Wilson, ambaye utawala wake ulikuja kuwatenga weusi katika ofisi za serikali kuu. Milango aliyokuwa akiilinda kwa kunyamaza ilikuwa inafungwa, na walikuwapo wengine waliokuwa wakisema wazi na kupata wafuasi. Alisema kwa sauti pale ambapo ukimya ulikuwa hauna tena mnunuzi.

BintiSaadani

Mkereketwa, maelezo yako yanaiacha nje kesi ya Bailey. Ilianza mwaka 1908, Roosevelt akiwa bado Ikulu na milango ikiwa wazi, na Washington aliiingia kwa sababu isingemletea sifa hata chembe. Anayesema alifanya kila jambo kwa ajili ya soko atueleze alimuuzia nani hilo.

Mkereketwa

Nitaisoma hukumu nzima ya Bailey nirudi. Fundi asiwashe tanuri kabla sijafika.